Mkuu wa skuli, anza na ratiba

Wakuu wa skuli wengi wakitaka kuwaenzi walimu wao hukimbilia sherehe: biriani, vyeti, picha ya pamoja. Si vibaya, nani anakataa biriani? Lakini kinachomvunja mwalimu moyo ni mambo ya kila siku, na mengi yamo mikononi mwako, hayasubiri Wizara.

Kabla ya kupanga ratiba, kila mwalimu aandike anakaa wapi, anakuja kwa usafiri gani, na kama ana mtoto mchanga au mgonjwa wa kuuguza. Mwalimu anayevuka kwenda kisiwa cha Kojani, Pemba, au kutoka Mkokotoni, Unguja, kwenda kisiwa cha Tumbatu, hafuati saa peke yake, anafuata na maji, nayo huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Ukimpangia kipindi cha kwanza siku zote tano, kuna asubuhi maji yatakuwa yamekupwa, mashua imekwama mbali, naye anateremka kwa miguu, nguo kaikunja hadi magotini na mfuko wa madaftari kichwani. Atachelewa, utamwandikia barua, mtagombana kwa kosa la bahari. Maji hurudia mwendo wake karibu kila wiki mbili. Basi waulize manahodha, tengeneza ratiba mbili za kupokezana, uzipitie upya kila mwezi unapoandama. Mwalimu jirani wa skuli anayeshika asubuhi hizo naye umpe nafuu mwisho wa siku, la sivyo ataona anaadhibiwa kwa kukaa karibu.

Skuli za mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, zina mtego wake. Mwalimu wa asubuhi huombwa kuziba mchana "leo tu", kesho inakuwa desturi, na anayeombwa ni yule yule asiyejua kukataa. Weka daftari la kuziba vipindi: tarehe, darasa, aliyekosekana, aliyeziba. Lipitie kila Alhamisi. Jina likitokea mara tatu ndani ya wiki, wiki inayofuata lipumzike. Na lako pia lionekane humo.

Ukienda kumwangalia mwalimu darasani, mwarifu siku moja kabla, kaa nyuma, usimsahihishe mbele ya watoto. Zungumzeni siku ile ile: jambo moja alilolifanya vizuri, moja la kurekebisha, basi. Akipewa makosa kumi kwa mpigo, hatarekebisha hata moja.

Mzazi akija na hasira, apitie ofisini kwako kwanza.

Fomu za likizo, za kupandishwa daraja na za malimbikizo ya mshahara zisilale mezani kwako zaidi ya siku mbili. Andika siku uliyopokea na siku uliyopeleka wilayani, mwalimu abaki na kopi yenye muhuri. Bila kopi, karatasi ikipotea huanza upya yeye, si aliyeipoteza.

Ramadhani, vikao viwe asubuhi, visizidi nusu saa. Ukiita kikao alasiri, wanaokukodolea macho wanawaza futari iliyo bado haijabandikwa jikoni, na hutapata wazo hata moja la maana.