Mwanangu, kamera usiitoe kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulisimama Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, saa nzima, kamera shingoni, ukarudi nyumbani bila picha hata moja kwa kuogopa watu. Ukaniuliza: uombe ruhusa kwanza, au upige halafu ujieleze? Nimekaa na swali lako siku tatu, maana mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapo.

Enzi za mkanda wa picha 36 nilikuwa nikienda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri. Jua linachomoza upande wa Kigamboni, linapita juu ya maji, linawapiga watu usoni kwa ubavu. Kulikuwa na mama mmoja akiparua samaki na kuwakaanga. Nilimpiga picha ameinamia karai, moshi umemzunguka, magamba yamemganda mkononi mpaka kiwikoni, yanameta kama sarafu mpya. Sikumwomba. Niliposafisha picha, nikaitundika dukani kwa fahari.

Miezi baadaye nikapita pale, akanitambua. "Wewe si ndiye uliyenipiga picha? Iko wapi?" Wala hakuwa na hasira. Alitaka tu kujiona. Nikamwahidi kesho, kesho ikawa wiki tatu. Nilipoipeleka, wenzake wakaniambia amesharudi kwao, na hakuna aliyejua ni wapi. Ile picha ninayo hadi leo, ndani ya bahasha, na kila nikiifungua naona haya.

Kwa hiyo nakujibu hivi. Mtaa wenyewe, yaani mikokoteni, miavuli ya machinga, umati unaovuka Mtaa wa Msimbazi, piga. Ila pale ambapo uso wa mtu ndio picha yenyewe, lazima mzungumze, kabla au papo hapo baada ya kupiga. Akikataa, ifute mbele yake. Akikubali, umpelekee nakala ya karatasi. Mtoto, muulize mzazi wake. Mtu aliyelewa, aliyeanguka, anayenyang'anywa bidhaa na mgambo, muache kabisa, hata kama mwanga ni wa ajabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isome. Lakini hata isingekuwepo ningekwambia hivyo hivyo. Na ukiwa Feri kumbuka Ikulu iko pua na mdomo, kamera isielekee huko.

Sasa hofu yako. Nadhani inatokana na kule kusimama. Kariakoo kila mtu ana shughuli. Anayesimama tu anaangalia watu, lazima wamshuku. Kamera iache kwenye begi. Nunua kahawa na kashata, kaa kwenye benchi la muuza kahawa, salimia, sikiliza wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Rudi kesho, na keshokutwa, benchi lile lile. Siku ya nne wataanza kukuuliza wewe begini mna nini. Hapo ndipo uitoe, na picha za kwanza uwapige wao waliokukaribisha.

Lenzi ndefu ya kuvizia watu toka mbali uliyosema unataka kununua, usinunue. Ile ya milimita 35 inatosha, nayo itakulazimisha usogee mpaka mtu akusikie ukimsalimia. Saa sita mchana jua liko utosini na macho yote yanakuwa mashimo meusi. Wengine hufunga kazi. Wewe ingia chini ya miavuli. Kitambaa chekundu kinamwaga wekundu shavuni kwa muuza mitumba, uso wa jirani yake ni wa buluu, na wote wawili hawana habari. Mimi sijawahi kuchoka kuitazama rangi hiyo.

Jumamosi nakuja mjini. Tukutane kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuja na ile bahasha. Wapo wakaangaji wa siku nyingi pale. Labda yupo anayejua yule mama alikwenda wapi.

Baba yako