Barua kwa mwanangu: fegi na damu ya mjombako

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Waniuliza kama ni fegi zilizomtia mjombako saratani ya damu, maana wajua sigara huharibu mapafu, na damu waiona iko mbali. Haiko mbali. Moshi ukishafika mapafuni, sumu zake huingia kwenye damu na kuzunguka hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako chembe za damu hutengenezwa. Mojawapo ya sumu hizo ni benzini. Hiyo huharibu uboho hata wa asiyevuta, kwani imo pia kwenye petroli.

Lakini saratani za damu ni nyingi, na hapo ndipo watu wa barazani huchanganya. Iliyothibitishwa kusababishwa na sigara ni lukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho na kwenda kwa kasi. Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ilisema hivyo mwaka 2004. Kwa mieloma, ambayo nayo ni saratani ya damu, ushahidi haujaonyesha hivyo. Kwa hivyo kabla hujamlaumu mgonjwa, uliza ana ipi.

Mjombako ana hiyo hiyo ya mieloidi, na bado siwezi kuapa kuwa ni sigara. Miaka yake yote ya gereji kule Changamwe alikuwa akiosha vyuma kwa petroli, mikono mitupu, fegi imechomekwa sikioni. Benzini imempata huku na huku, na daktari hana kipimo cha kujua ipi ilianza kumdhuru. Wako waliovuta hadi uzeeni wasiugue, na wako wanaougua maradhi haya na sigara hawajapata kuigusa. Mamako mdogo ashasema ni kijicho. Simjibu.

Na wewe usiniambie shisha yako ni maji na matunda. Makaa yale nayo hutoa benzini, na maji hayaichuji ikaisha. Ukiacha sasa, hatari hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Mjombako amelazwa, na huongezwa damu mara kwa mara kwa sababu uboho wake hautengenezi ya kutosha. Ukija Ijumaa, swali hili usimpelekee kitandani. Pitia kwanza benki ya damu hapo hospitali uulize kama waweza kutoa. Na uwe umekula. Hawakubali mtu mwenye njaa.

Mamako