Kwa mwalimu mpya wa historia, shule ya msingi, Lubumbashi

Mwalimu, usiingie darasa la kwanza na mwaka 1885, Leopold wa Ubelgiji alipojitwalia Kongo. Mtoto wa miaka sita bado anachanganya juzi na mwaka jana. Madarasa mawili ya mwanzo fundisha "kabla" na "baada", kwa Kiswahili cha nyumbani kwao: nani alizaliwa kwanza, mama au nkambo (bibi au babu)? Mlikaa wapi kabla ya kuhamia Katuba? Hiyo ni historia tayari, hata kama mkaguzi ataona mnapiga masolo (soga) tu.

Utamu uko darasa la tatu na la nne. Watume wakaulize wazee majina ya zamani. Watarudi na Élisabethville ya mji huu, watarudi na Jadotville ya Likasi, na lazima mmoja abishe kwamba nkambo wa mwenzake amekosea. Hapo ndipo uwaambie reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na kwamba jina la Lubumbashi lilikuja 1966.

Kisha uliza: nani alianza kuyeyusha shaba hapa Katanga? Wengi watajibu "Wazungu", wengine "Gécamines", kampuni ya serikali ya migodi. Usiwakatize. Andika ubaoni 1906, kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière ilipoundwa, na 1967, serikali ilipochukua migodi yake. Halafu watoe uani, warudi nyuma kutoka leo, hatua moja iwe miaka kumi. Kufika 1910 hawamalizi hata hatua kumi na mbili. Sasa waambie waendelee hadi sitini, na wakitoka getini waache watoke: huko nako walikuwapo mafundi wa Katanga, wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama pesa na kuzikwa na wafu. Makumbusho ya Taifa hapa mjini wanayo. Nauli ikikosekana, ichore.

Darasa la tano, Msiri. Watoto hupenda shujaa, na mfalme wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa na Leopold, anafaa sana. Lakini aliuza pia watumwa. Sema yote mawili katika somo moja, maana ukiliahirisha la pili hutalirudia.

La sita ndilo gumu, na si kwa sababu ya mtihani wa taifa. Kujitenga kwa Katanga na Kongo, kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, bado kunazungumzwa mezani nyumbani, na kila meza ina lake. Mauaji ya Lumumba, Januari 1961, yalitokea karibu na mji huu, usiyapite kimyakimya. Wape tarehe na ramani kwanza, maoni baadaye. Ukiona vidole vinaanza kunyooshwa kwa mtoto ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, ambao watu wake huitwa wageni hapa, simamisha mjadala, rudi kwenye ramani, na umwone mkurugenzi siku hiyohiyo kabla wazazi hawajamwona.