Mume wangu kala Idi, mimi bado nimefunga

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga, nina miaka 9 kwenye ndoa. Tulivyooana dini haikua shida maana wote Waislamu, wote wa hukuhuku, maulidi ya mtaani tunaenda pamoja na yeye ndo anapiga dufu. Miaka mitatu ilopita akaanza kuswali msikiti wa Answar Sunna, taratibu akabadilika. Maulidi bidaa, yaani uzushi kwenye dini, hitima bidaa, hata nikifukiza ubani Alhamisi jioni ananuna. Mamangu alipofariki mwaka jana alishughulika sana, jeneza kabeba, kaburini kashuka, ila siku ya hitima kwetu Pangani akakaa nje mpaka tulipomaliza. Sijasahau. Sasa mwaka huu ndo nimechoka, yeye anafuata mwezi wa kimataifa, ukionekana popote duniani anafungua, mi nasubiri tangazo la Mufti, basi kaamka kaoga kavaa kanzu kaenda kuswali Idi na mimi nimekula daku nimefunga, nikampikia pilau lake huku mtoto mkubwa ananiuliza mama leo Idi au sio Idi? Hanipigi, hanitukani, matumizi anaacha. Ila nyumba imepoa. Niombe talaka au nimfuate huko aliko?
Mama Wawili, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye pilau moyo unaniuma, kwasababu najua nyumba nyingi za Tanga hii zenye Idi mbili na watu wanaona haya kusema, wanaona kama ni jambo dogo la kalenda.

Tuanze na hilo la kumfuata. Usimfuate ili nyumba itulie. Ukiacha maulidi kwasababu umesoma ukaridhika, hiyo ni yako na Mola wako, lakini ukiacha ili usinuniwe utakua unaigiza ibada ndani ya nyumba yako mwenyewe, na mtu anaeigiza huchoka. Talaka nayo sijaona sababu yake hapa.

Kuna kitu watu wetu wanakosea sana wanapochumbia, wanauliza "dini gani?" wakijibiwa Muislamu au Mkristo wanafunga kitabu, mahari inajadiliwa. Mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha Bowling Green kule Ohio, Marekani, wakiongozwa na Annette Mahoney, walitoa utafiti wa wanandoa jozi 97, na walichokiona ni kwamba kuwa dhehebu moja tu, au kila mmoja kuwa mcha Mungu kivyake, hakukua na uzito mkubwa. Kilichoendana na ndoa yenye kuridhika, ugomvi mdogo na watu kukaa wakaongea bila kurushiana maneno, ni ibada wanazofanya wakiwa wawili, na kuiona ndoa yenyewe kuwa ni kitu cha Mungu. Sasa hao ni Wamarekani sio watu wa Ngamiani, na mi mwenyewe najiuliza, kuswali pamoja ndo kunaleta furaha au wenye furaha ndo wanaoswali pamoja? Nadhani vyote viwili vinavutana. Lakini ukisoma barua yako utaona inafanana, mwanangu, nyie hamjaachana dini, mmeacha kufanya kitu pamoja. Yeye msikiti wake, wewe ubani wako, na katikati hakuna kitu.

Na vya katikati vipo vingi mno! Sala tano hamzozani. Qur'ani hamzozani, na humo humo kwenye sura ya Rum aya ya 21 Mungu anasema kaweka baina yenu mapenzi na huruma, hiyo aya hata msikitini kwake inasomwa. Kuna hadithi ya mume anaeamka usiku kuswali akamwamsha mkewe, akigoma anamrushia maji usoni, na mke vilevile amfanyie mumewe. Hiyo hawezi kukwambia bidaa. Basi mwambie awe anakuamsha, rakaa mbili tu, yeye mbele wewe nyuma, hata mara moja kwa wiki. Usimpe mada ya maulidi siku hiyo, wala usimtumie mihadhara ya simu ya masheikh wanaojibizana, zile klipu zimebomoa nyumba nyingi.

Idi nayo muipange mapema kabla Ramadhani haijafika kumi la mwisho, msisubiri usiku wa mwezi mkiwa mmevimba. Kila mtu afuate anachokiamini, ila watoto waambiwe maneno mamoja kutoka kwa nyinyi wote wawili, kwamba baba anaswali leo mama kesho na nguo mpya zinavaliwa siku zote mbili. Mtoto hatishiki na Idi mbili, anatishika na baba na mama wasiotazamana. Mkishindwa, mwiteni mshenga wenu na mtu mzima mmoja wa kila upande, kama Qur'ani yenyewe inavyoagiza mwamuzi wa kwake na mwamuzi wa kwako, lakini wasiwe maimamu wa msikiti wako wala wa kwake, maana hapo itakua mdahalo na wewe utaachwa jikoni unachemsha kahawa.

Ila mi naona kinachokuuma sio Idi. Ni ile siku ya Pangani. Yeye pale alidhani analinda imani yake, wewe ukaona kamwacha mamako, na tangu siku ile hamjaliongea. Mwambie, kwa utaratibu, watoto wakiwa wamelala. Usimdai akiri kuwa hitima ni halali, hatokiri. Mwambie tu mama alikua anakupenda, mimi hitima nilishamsomea, wewe nakuomba dua. Kumuombea maiti dua hakuna Muislamu wa msikiti wowote anaekataa, na aliebeba jeneza lile akashuka mpaka kaburini, sidhani atakunyima. Akinyanyua mikono na wewe nyanyua yako, uitikie amin.