Jibu: Ushauri gani wa waliokutangulia bado unautumia?
Mkuu umeuliza ushauri gani tulipewa na waliotutangulia ambao tunautumia mpaka leo, na tunautumiaje. Wangu ni wa mzee mmoja aliyenipokea kazini nikiwa sijui hata pa kuanzia, aliniambia "kosa lako liseme wewe kabla halijasemwa na mwingine".

Nikaona rahisi tu, kumbe asikwambie mtu, siku nimetuma hesabu zenye makosa kwa mteja nikakaa nazo siku mbili moyo unadunda, nafungua kompyuta nafunga, najipa moyo labda hataona. Mwisho nikamfuata yule mzee. Hakunifokea, aliniuliza vitu vitatu tu, nini kimetokea, umeshafanya nini, unahitaji nini kwangu, tukampigia mteja pamoja yakaisha ndani ya dakika chache. Aisee zile siku mbili ndo zilinitesa kuliko kosa lenyewe.

Tangu hapo nikiharibu kitu nasema siku hiyo hiyo, naenda na majibu ya hayo maswali matatu, visingizio naacha. Hata nyumbani, watoto nikiwakosea nawaomba radhi (hili ndo gumu zaidi kwangu, lakini siku hizi wakivunja kitu wanakuja wenyewe kusema).

Kwa vile umesema bosi wako mpya ni mkali, anza na vitu vidogo, mfano ukiona ripoti itachelewa mwambie mapema kabla hajaiulizia, uone atakavyopokea.