Maswali na Majibu: Maazimio ya Biashara kwa Mwaka Mpya Kusini

Wasomaji wa Mtwara na Lindi wametuma maswali mengi kuhusu namna ya kupanga malengo ya biashara kwa mwaka unaoanza. Nimechagua matano, na nimeyapa nafasi zaidi yale ambayo naona yanawaumiza wengi.

Swali (mwenye duka la vyombo, Tandahimba): Kila Januari huandika kwamba nitaongeza mauzo, na kila ifikapo Aprili nimekwisha kukata tamaa. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, tatizo naliona kwenye mwezi unaoutumia kuwa kipimo. Fedha ya Tandahimba ina kalenda yake. Minada ya korosho huanza Oktoba na huelekea ukingoni Desemba au Januari, kwa hiyo siku unayokaa kuandika azimio lako ndiyo siku ambayo mauzo yametoka kuwa juu kuliko wakati mwingine wowote, nawe bila kujua unaudai mwaka mzima ufanane na Novemba. Kuanzia Februari mkulima yuko kwenye palizi na ananunua kidogo kidogo. Ikifika Mei na Juni anatafuta fedha ya vibarua wa kusafisha shamba na kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na sufuria mpya hainunuliwi kabla ya mikorosho kuhudumiwa.

Linganisha Aprili na Aprili ya mwaka jana, usiilinganishe na Desemba. Kwa miezi ya msimu weka lengo la mauzo. Kwa miezi ya ukame wa fedha weka lengo la aina nyingine kabisa, kwa mfano kwamba hakuna bidhaa itakayolala rafuni zaidi ya siku 90 bila kupunguzwa bei, kwa sababu mtaji uliokwama kwenye mabeseni mwezi Machi ndio utakaoukosa Septemba unapotakiwa kuagiza mzigo wa msimu. Na kama huna hesabu za Aprili iliyopita, basi azimio lako la mwaka huu ni moja tu: kuandika mauzo ya kila siku kabla ya kufunga mlango. Mengine yatasubiri mwaka ujao.

Swali (mwenye duka la vyakula, Newala): Daftari langu la madeni limejaa. Nimeazimia kwamba mwaka huu sitamkopesha mtu yeyote. Je, nitaweza?

Jibu: Sikushauri uapie jambo hilo, dada. Wanaochukua unga na sukari kwa mkopo mwezi Juni ndio hao hao wanaokuja na fedha taslimu baada ya mnada, na ukiwafungia mlango wakati wa shida watazoea duka la jirani. Kinachokuangamiza ni kukopesha bila ukomo, na hilo unaweza kulibadilisha.

Fungua ukurasa wowote wa daftari lako. Aghalabu utakuta jina la utani la mteja, kisha “sukari, mafuta, unga”, kisha kiasi ambacho kimekatwa na kuandikwa upya mara mbili au tatu. Tarehe ya kukopa haionekani, tarehe ya kulipa haipo, wala saini ya mkopaji. Ongeza safu hizo tatu kabla ya jambo lolote. Kisha weka mpaka unaoweza kuuhesabu. Tuseme bidhaa zako zote zina thamani ya shilingi milioni 3: amua kwamba madeni yote kwa pamoja hayatazidi 600,000, na kwamba kaya moja haitazidi 40,000. Maana yake ni kaya 15 zikifika kikomo, na wa 16 atasubiri mmoja apunguze deni. Mpaka wa namna hiyo unakupa pia jibu la heshima, kwa sababu humkatalii mtu kwa kumdharau, unamwonyesha kitabu.

Usipange madeni yako kwa kutegemea bei ya korosho unayoisikia vijiweni. Tukumbuke msimu wa 2018, wakulima walipogoma kuuza kwa bei zilizotolewa mnadani, Serikali ikatangaza mwezi Novemba kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa kwa miezi kutokana na uhakiki. Wenye maduka waliokuwa wametoa karibu mtaji wote kwa mkopo waliishi miezi hiyo kwa shida kubwa. Jingine ninalolisema kwa uzito: usikubali kulipwa deni kwa korosho zinazopimwa kwa bakuli kabla ya msimu. Hiyo ni kangomba, ni kosa kisheria, na inamnyang'anya mkulima jasho lake kwa bei ya njaa.

Swali (kikundi cha akina mama wabanguaji, Mikindani): Tumeazimia mwaka huu korosho zetu zifike Dar es Salaam na nje ya nchi. Tuanzie wapi?

Jibu: Hongereni, akina mama, kwa kuwa korosho nyingi za mikoa yetu bado zinaondoka bandarini zikiwa ghafi, na kila kilo inayobanguliwa Mikindani inaacha kazi Mikindani. Hata hivyo, ningependa azimio lenu la kwanza lifanyike kwenye meza ya kuchambulia. Kwa kawaida kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa takribani kilo 1 ya karanga, yaani korosho zilizokwisha kubanguliwa, na katika kilo hiyo karanga nzima na vipande havina bei moja. Kwa kila gunia andikeni kilo zilizoingia, karanga zilizopatikana, na kati yake nzima ni ngapi. Mkiona vipande vinazidi, tafuteni sababu kwenye ukaushaji au mkono wa mbanguaji, kwa maana faida yenu inapotelea hapo kabla hata ya nauli ya Dar es Salaam.

Hesabu hizo zikitulia, nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako mjasiriamali mdogo huelekezwa kuhusu vifungashio na hupewa barua ya utambulisho kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kuomba alama ya ubora. Mtaji ukipungua, kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Msikope kabla ya kujua kilo moja ya karanga inawagharimu kiasi gani. Soko la nje liacheni kwa mwaka mwingine.

Swali (muuza vipuri vya pikipiki, Lindi mjini): Nataka mwaka huu nisisumbuliwe na kodi.

Jibu: Andika tarehe nne ukutani: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Hizo ndizo awamu za kulipa kodi ya mapato iliyokadiriwa na TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba. Awamu ya Septemba huwakuta wengi wakiwa hawana kitu, kwa hiyo itenge kutoka kwenye mauzo ya Julai, fedha za ufuta zinapokuwa bado mikononi mwa watu. Angalia pia leseni yako, kwa kuwa huisha miezi 12 baada ya kutolewa, na tarehe hiyo huenda ikawa katikati ya mwaka.

Swali (mama lishe, Feri, Mtwara): Kikoba chetu kimevunjwa Desemba nami nimepata shilingi 800,000. Nifungue kibanda cha pili?

Jibu: Mama, kwanza jilipe. Panga kiasi utakachochukua kila Jumamosi kwa ajili ya nyumbani, tuseme 50,000, na usiguse kisanduku cha mauzo kwa ada, msiba wala harusi. Mahitaji hayo yatoke kwenye kiasi hicho au kwenye akiba. Mgao wa kikoba uweke benki au kwenye simu, mbali na kisanduku. Ukifika mwisho wa Machi ukiwa umenunua mchele, samaki na mkaa kwa fedha ya kibanda hiki peke yake, na bado kimebaki kitu, tafuta eneo la kibanda cha pili. Kisipobaki, tumia mgao huo kununua mchele kwa gunia badala ya kilo, kisha uhesabu tena Juni.