Usisaini fomu hizo nne: saa mbili kwa wiki zinatosha

Dada yangu, weka kalamu chini. Unahamia makazi ya wazee mwezi ujao, unauliza samani zipi ubebe na klabu ipi ujiunge nayo, na hapohapo unasema umeshaahidi kamati nne: maktaba, bustani, kupokea wakazi wapya na uweka hazina. Hapana! Kosa hilo nimelilipia, na inaniuma kuona mwingine analikimbilia kwa moyo mweupe.

Piga hesabu. Mkutano wa saa moja hauli saa moja. Kuna kuandaa ajenda, kupiga simu, kupanga viti, kuandika muhtasari, kumfuatilia aliyeahidi asitimize. Saa moja inakuwa tatu. Kamati nne zikikutana kila wiki ni saa 12, na utazitoa kwenye mazoezi, usingizi wa mchana na meza ya chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba siku tatu au zaidi, ili wasianguke. Mikutano ikizidi, hayo ndiyo huachwa kwanza.

Meza ya chakula nayo ni hasara kubwa zaidi. Wiki za mwanzo ndizo watu wanataka kukujua. Ukifika na daftari mkononi, salamu zinageuka malalamiko: bomba linavuja, taa ya ukumbini imeungua, nani kahamisha viti. Ukija kujiuzulu baadaye, wanaona umesusa.

Huyo msimamizi wa shughuli aliyekuambia “jiunge na kila kitu, hutakuwa mpweke” ana nafasi za kujaza. Niliambiwa maneno hayohayo, na bado yananikera. Mtu anaweza kukaa mikutano mitano kwa wiki na asiwe na hata mmoja wa kugonga mlango wake asipoonekana asubuhi.

Siku 30 za kwanza usikubali kazi yoyote. Akikubana mtu, mtajie tarehe utakayomjibu. Baada ya hapo chukua kazi moja, saa mbili kwa wiki, basi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu karibu 13,000 wenye umri zaidi ya miaka 50, ulikuta waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wasiojitolea kabisa. Saa 100 kwa mwaka ni kama mbili kwa wiki.

Ndani ya siku hizo 30, badilisha meza kila mlo. Kwa siku saba andika saa ambazo mwili una nguvu. Kama unameza dawa ya kuongeza mkojo, usipange kazi saa chache baada ya kuimeza. Kisha tafuta kazi ya kukaa: kumsomea jirani mwenye macho hafifu, kwa mfano. Kaa upande wa sikio lake linalosikia vizuri, uso wako uelekee kwenye mwanga.

Uweka hazina ukatae mwaka mzima wa kwanza. Fedha za wakazi zihesabiwe na watu wawili, wote wasaini, kila matumizi yawe na risiti. Pasipo hayo, hata kosa la kujumlisha litakuchafulia jina mbele ya watoto wa wenzako.

Kazi utakayochagua iandikie karatasi: ni kazi gani, siku gani, saa ngapi, msaidizi nani, inaisha lini. Miezi mitatu inatosha, kisha unaamua upya. Msaidizi aanze siku ileile unayoanza wewe, maana goti likigoma au ukilazwa, yule jirani atakuwa amekaa kwenye kiti chake anasubiri kusomewa. Kama msaidizi hajapatikana, usianze.